Docteur Nathalie na Picha ya Mapacha

Njooni karibu, enyi watu wa Kamina, na mwenye simu aizime kwanza, maana nasimulia vita vya Docteur Nathalie, simba jike wa maternité, wodi ya wazazi, mshika mkasi asiyetetemeka, aliyepambana na kidole chake mwenyewe!

Asubuhi ile alimzalisha Léa, mke wa askari Kabamba, mapacha wawili, Kyungu na Kabange. Furaha ikamlevya shujaa. Akawapiga picha pamoja na mama yao, akairusha kwenye status ya WhatsApp. Ole wake! Kwetu habari ya mapacha hutoka kinywani mwa mama, humfikia baba, ndipo mji uimbe. Na Kabamba alikuwa kazini Malemba-Nkulu, hajaambiwa neno.

Daktari alipomwonyesha, Léa akainuka kitandani. "Docteur, nani njo alikupa ruhusa? Bwana yangu ajue batoto yake mu telefone ya bantu?"

Daktari aliona aibu mpaka masikioni. Alikuwa ameapa kutunza siri ya mgonjwa, sheria inamfunga, Ordre, baraza la madaktari, ingemwita ajieleze. Na zaidi ya yote, mama huyu alimwamini. Akashika simu afute. Mtandao, msaliti yule, ukakata!

Basi akatoka mbio, koti jeupe likipepea, akakiparamia kichuguu cha nyuma ya wodi, mahali pekee penye mtandao. Akateleza, kiatu kikamtoka, kuku wakatawanyika. Msicheke! Akanguruma: "Weye kichuguu, minyi sishuke na hii picha!" Akafika kileleni, akainua mkono, akabonyeza. Picha ikafutika.

Lakini lo! Kabla haijafutika, simu ilimwonyesha kuwa mtu mmoja ameshaiona: Mwepu muuza samaki, mdogo wake Kabamba. Mwingine angenyamaza hapo. Daktari alishuka, akamweleza Léa ukweli wote, akaomba msamaha. Papo hapo Mwepu akaingia na sufuria ya bukari, ugali wa mzazi.

"Niliona, Docteur," akasema, akitua sufuria. "Lakini ile habari haiko ya kwangu. Nilifunga kinywa."

Loo! Muuza samaki alitunza siri ya mgonjwa kuliko daktari!

Saa kumi mtandao ukarudi, Léa akapiga simu. "Kabamba, iko babili."

"Babili? Léa! Sema tena!"

Akasema tena, akilia. Na iandikwe, enyi waandishi: mwaka huu, mjini Kamina, baba wa mapacha aliambiwa na mke wake.