Roketi Iliyovishwa Mashada

Jumatatu, 7 Oktoba
Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Burito, ametangaza: maonyesho yatakayompendeza mgeni rasmi kwenye mahafali ya Ijumaa ndiyo yatakayotoa mkuu wa idara ya sayansi. Cheo changu hicho! Miaka tisa nafundisha fizikia hapa Mugango, kando ya ziwa. Madam Pelagia wa baiolojia, mgeni wa juzi tu, ataonyesha sanduku la kukaushia dagaa kwa jua. Sanduku! Mimi narusha roketi: chupa za soda, maji kidogo, upepo wa pampu ya baiskeli. Nimeunga chupa tatu kwa gundi. Pelagia akasema moja inatosha, maungio ndiyo hukatika. Wivu huo.

Jumatano, 9 Oktoba
Jaribio. Nilipiga pampu mara sabini. Ikapasukia chini, haijaruka hata shibiri. Maji hadi kwenye soksi! Pelagia akasema, bila kuulizwa, kwamba plastiki iliyokaa juani huchoka na haihimili presha. Nikamwambia nilikuwa napima mlipuko. Nimeunda nyingine, chupa nne.

Ijumaa, 11 Oktoba
Wazazi wamefurika na mashada ya kumetameta ya kuwavisha wahitimu. Mgeni rasmi akasema roketi nayo ivishwe, ni mhitimu. Vigelegele! Akaivika mawili, kichwani kabisa. Pelagia akaninong'oneza niyatoe: yatakokota hewa, roketi itapinda, na ikishakaa ubavu hewa itaivunja. Nivue shada la mgeni rasmi mbele yake? Nikaongeza la tatu, langu mwenyewe.

Ikapaa! Sekunde moja ya utukufu. Kisha ikainama, ikakaa ubavu, ikakatika vipande vinne angani. Kimoja kikatua kwenye bakuli la supu ya sato la mgeni rasmi. Koti lote chepechepe. Pelagia akalichukua, akalitia kwenye sanduku lake. Likarudi limekauka, linanuka dagaa, na mgeni akapiga makofi. Burito akaniuliza mbele ya watu: “Mwalimu Ephraim, wewe huwa unafundishaga nini hasa?”

Jumamosi, 12 Oktoba
Pelagia ndiye mkuu wa idara. Nimelia kidogo, chooni. Ameniagiza niandike taarifa ya chanzo cha roketi kuvunjika. Nimeandika kwa uaminifu: upepo wa ziwa, na husuda.

Nimewapigia simu watu wa shule ya Kibara, wana mahafali wiki ijayo. Wamekubali. Chupa sita, gundi ileile, na kileleni bendera ya shule, ile kubwa.