Taco za Caroline

Jumatano, 9 Julai
Caroline, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, hali nyama. Wala mayai, wala maziwa. Leo kioskini nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba mimi ni fundi wa taco za maharagwe. Akauliza taco ni nini. Nikaeleza nilivyoona kwenye simu: kichapati chembamba kilichokunjwa, ndani maharagwe yaliyopondwa na bizari nyembamba, pilipili na ndimu. Dakika ishirini tu. Akasema atakuja kuonja Jumamosi mchana. Sijawahi kupika taco. Mtaa wetu wote wa Kiembeni ulinukia vizuri nikirudi nyumbani, hata mtaroni.

Alhamisi, 10 Julai
Jaribio. Dakika ishirini zikapita, maharagwe bado kokoto. Bi Rahima, mwenye nyumba wangu, anayeuza maharagwe ya nazi na mahamri barazani kila asubuhi, akachungulia. Akasema maharagwe huroweshwa, mwanangu, hayaharakishwi. Wivu wa biashara huo. Nikatia magadi yalainike, kiganja kizima badala ya chembe. Kisha nikakaa kutazama mvuke. Ndani ya mvuke nikamwona Caroline, leso ya manjano kiunoni. Tuna kibanda chetu. Foleni imefika barabarani. Ananiita taratibu, Dancun.

Nilipozinduka, sufuria imeungua. Nikaonja ya juu. Sabuni. Nikaonja tena kwa matumaini. Sabuni.

Jumamosi, 12 Julai
Mpango mpya, wa akili nyingi. Asubuhi nikamwamkia Bi Rahima shikamoo ya heshima zote, nikanunua maharagwe yake. Sikubeba chombo, akanitilia kwenye bakuli lake. Laini, tui limeshikana, hayana nyama wala maziwa. Nikayaponda kwa mwiko, nikatia bizari na ndimu. Dakika tano!

Caroline akala mbili, akafumba macho. Nikamsimulia nilivyoyarowesha tangu jana. Akasema mwanamume mwenye subira hivyo ni nadra. Nilikuwa mbali kabisa, tumeshazaa watoto wawili, nilipomwona anaosha bakuli. Akaligeuza. Chini pana herufi R kwa rangi ya kucha nyekundu. Huku kila mwanamke hutia alama vyombo vyake, visije vikapotelea arusini. Akauliza R ni ya nani. Nikasema ni yangu, jina la ubatizo, Raphael.

Hapo Bi Rahima akabisha hodi. Amefuata bakuli lake, na je, maharagwe yalinitosha?

Caroline akamkabidhi bakuli. Akatoka naye. Nikawasikia barazani wakicheka hadi alasiri. Iliniuma sana, nikamaliza taco zilizobaki.

Jumapili, 13 Julai
Ndoto yangu imetimia. Barazani, Caroline amefunga leso ya manjano, anakunja vichapati. Bi Rahima anapakua. Foleni imefika barabarani. Nami nimo, mtu wa tisa. Nilipofika mbele, Caroline akanipa taco yenye pilipili ya ziada. Akasema taratibu, karibu, Raphael.

Nyuma yangu alisimama dada mmoja, Pascalia, macho ya upole. Akanung'unika kwamba ngano humuumiza tumbo, haili kabisa. Nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba mimi ni fundi wa mkate wa mchele. Atakuja kuonja Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku Bi Rahima hupika mkate wa mchele. Safari hii nimejipanga. Nimeshanunua dawa ya kufutia rangi ya kucha.