Mbwa Hadanganyiki

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimebakiza wiki moja. Jumatatu ijayo muda wangu wa majaribio kwenye kampuni ya magodoro unakwisha, na Bosi ataamua nani apewe ajira ya kudumu, mimi au Kisigino. Nafasi ni moja tu. Kisigino ni mwenzangu wa idara ya mauzo. Anaitwa hivyo kwa sababu ya viatu vyake, vinasikika tangu yuko ngazini. Mtu mnyenyekevu, anamsalimia hata mfagiaji. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Nikikosa nafasi hii sina pa kurudi. Kule stoo ya vipuri niliaga kwa hotuba. Nilipanda juu ya kreti, nikamwambia mzee mwenye duka mbele ya wateja wake kwamba kumfanyia kazi yeye ni kuoza ukiwa bado unapumua. Hotuba safi sana. Fundi mmoja alipiga makofi. Sasa natamani ningeifupisha kidogo.

Leo Bosi ametangaza kwamba Jumamosi anatupeleka mimi na Kisigino kwenye nyumba yake ya mapumziko kando ya ziwa, tulale huko. Amesema kazini kila mtu ana sura ya kazini, yeye anataka kuona ile nyingine. Kisha mama huyo akanigeukia akaniambia nisisahau kumleta mbwa wangu.

Hapo ndipo penye tatizo. Siku ya usaili niliona mezani kwake picha za mbwa watano, ya binadamu hata moja. Nikasema mimi pia nina mbwa, nimemlea tangu hajafumbua macho, tunaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Bosi alilengwalengwa na machozi. Kazi nikaipata palepale.

Ule haukuwa uongo. Mbwa nyumbani yupo. Ni wa mama mkwe.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Hakimu ni mbwa mnene wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Mama mkwe alimpa jina hilo kwa sababu akikutazama unakumbuka makosa yako yote. Walikuja wote wawili mwaka jana kutusalimia kwa wiki mbili. Wiki hizo bado hazijaisha.

Mama mkwe alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Hadi leo anatuamsha kwa kengele. Nguo zake zote zimeandikwa MATRONI kwenye pindo, kwa wino usiotoka, zisichanganyike na za watu. Watu wenyewe ni mimi na mke wangu.

Hakimu hunidharau waziwazi. Mama mkwe akienda jikoni, naye jikoni. Mke wangu hutikisiwa mkia. Mimi nikiingia sebuleni, mbwa anahamia chumba kingine. Niliwahi kumpeleka kwa muuza nyama wa barabara ya pili nikamwachia moja kwa moja, bure. Alifika nyumbani kabla yangu.

Leo nimeanza mazoezi. Nimemwita kwa upole, akanitazama. Nimemwita kwa ukali, akapiga miayo. Nikamfunga kamba nikamvuta kuelekea getini, akajilaza chini, ikawa naburuta mbwa mzima mbele za watu. Jirani yetu fundi redio akauliza, kwa masikitiko, amekufa lini.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimenunua soseji nikaziweka mfukoni. Hakimu amekula soseji, amekula na kipande cha mfuko, kisha akaondoka zake. Walionifuata hadi kituoni ni mbwa wengine wa mtaa mzima. Nimefika kazini na suruali yenye mafuta. Kisigino akanipa leso yake bila kuuliza chochote. Bosi alikuwa anaona. Hiyo ndiyo mbinu yake, wema wa hadharani.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimevumbua!

Mama mkwe alisahau sweta lake kwenye kochi. Nililibeba begani nimpelekee. Nikasikia kucha nyuma yangu kwenye sakafu. Hakimu. Nikaenda jikoni, yuko nami. Nikaingia chooni, akakaa mlangoni ananingoja kama mlinzi. Nikamkabidhi mama mkwe sweta lake, mbwa akanikimbia.

Ni harufu. Mbwa huyu hamfuati mtu, anafuata harufu ya mama mkwe. Kwa hiyo nikivaa harufu ya mama mkwe, Hakimu ni wangu. Akili ni nywele, na zangu leo zimenisimama wima.

Tatizo ni kwamba sweta lina maua makubwa na vifungo vya lulu. Inatakiwa nguo nyepesi, ya kukaa chini ya shati, isionekane.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Lazima iwe haijafuliwa, ikifuliwa harufu imekwenda. Kwa hiyo kapu la nguo chafu. Niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikafumba macho, maana kuna vitu vya mkwe ambavyo macho ya mume wa binti yake hayana ruhusa navyo. Nikapapasa. Nikatoka na kitu laini, rangi ya zambarau, chenye lesi. Kitu gani hasa, shajara haina haja ya kujua. Kinakunjika kikawa kidogo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mimi nimeyavalia.

Mke wangu nimemwambia naenda semina. Akauliza semina ya magodoro inafundisha nini. Nikasema kulala. Akakumbusha kwamba tangu tuoane namwahidi kumpeleka mapumziko ya mwisho wa wiki, angalau mara moja, mahali popote penye maji yasiyotoka bombani. Nikasema subira yavuta heri. Akasema yake imeshavuta hadi kamba imekatika.

Mama mkwe nimemwambia njiani nitampitisha Hakimu kwa daktari wa mifugo, achomwe sindano na alazwe mpaka kesho yake. Alinishika mkono. Akasema, “Asante, baba. Kumbe nilikuwa nakudhania vibaya.” Akamfungia mbwa blanketi na bakuli lake. Nilijisikia vibaya, lakini si sana.

Jumamosi, tarehe 7 Juni, asubuhi

Niko kando ya ziwa. Nyumba ya mbao, baraza pana, nyasi zimekatwa vizuri kuliko nywele zangu. Ile nguo nimeizungusha tumboni chini ya shati. Hakimu haniachi. Nikisimama anasimama, nikiketi ananiwekea kichwa gotini. Mbwa watano wa Bosi wakija anawafukuza, ananilinda.

Kisigino ameketi barazani na miguu juu ya kiti. Anaogopa mbwa. Si kwamba nimegundua mimi, amemwambia Bosi yeye mwenyewe, waziwazi, kwamba aling'atwa utotoni na mpaka leo akisikia mbwa anabweka jasho linamtoka. Akaomba radhi. Nilitamani kumkumbatia. Mtu anajichimbia kaburi mchana kweupe, na sepetu kaleta mwenyewe.

Bosi ameniangalia mimi na Hakimu kwa muda mrefu. Kisha akasema mtu anaweza kumdanganya meneja, anaweza kumdanganya mke, lakini mbwa hadanganyiki. Mtu anayefuatwa na mbwa namna hii ana moyo safi.

Nimeanza kufikiria rangi ya mapazia ya ofisi yangu.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Jua lilipokuwa kali Bosi akatualika kuogelea. Nikasema nina mafua. Akasema basi nivue angalau koti. Nikasema mafua yenyewe ni ya kifua. Nikabaki nimeketi juani na shati, koti na mzigo wa mama mkwe, jasho linatiririka hadi kwenye soksi. Jasho lile, naona sasa, ndilo lililoniponza. Harufu ilipanda.

Tulikuwa tunakula nyasini. Hakimu akaingiza pua chini ya shati langu. Nikacheka kicheko cha mwenye mbwa. Akaingiza meno. Akavuta. Lesi ikachungulia. Nikaishika, yeye akaishika, tukavutana, na huku nimetabasamu. Akashinda. Ikatoka ndefu, sikujua ni ndefu kiasi kile, ikawa inatoka tu. Akaikokota nyasini yote, akaitandika miguuni pa Bosi, akailalia na kufumba macho.

Ni shimizi. Basi, nimeandika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisigino akasema taratibu kwamba labda ni taulo. Mimi nikasema ni bandeji ya mgongo. Bosi akauliza, bandeji ya lesi? Akainua pindo. Akasoma kwa sauti, “MATRONI.” Akauliza matroni gani. Nikamweleza, matroni wa bweni la wasichana, nikaitaja na shule, mama mzazi wa mke wangu.

Bosi akaketi chini kwenye nyasi. Kumbe alisoma pale. Akasema baba yake alipofariki, yeye akiwa bwenini, hakula siku kadhaa. Matroni akamletea mtoto wa mbwa, akamruhusu amfuge nyuma ya jiko la shule kinyume cha sheria zote, na mkuu wa shule alipouliza, Matroni akasema ni wa kwake. Bosi alilia. Kisigino akampa leso ile ile. Na mimi nilikaribia kulia, kwa furaha. Huyu mama mkwe ni daraja langu, nami nimeishi naye mwaka mzima bila kulivuka.

Kesho Bosi mwenyewe anatupeleka nyumbani. Anataka kumwona.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Njiani nilimpigia simu mke wangu kwa kunong'ona. Nikamwambia mgeni mkubwa anakuja, amwambie mama anisifu, asifu chochote. Mke wangu akasema mama amempigia daktari wa mifugo jana kuulizia hali ya mbwa. Daktari hajamwona mbwa wala mimi. Kisha akauliza kama hiyo semina ina ziwa, maana kwenye simu alikuwa anasikia watu wakitaja ziwa. Mtandao ukakatika. Niliukata mimi.

Mama mkwe na Bosi walikumbatiana mlangoni. Bosi mzima, mwenye kututetemesha, akawa msichana wa bweni, ananyoosha kola. Halafu akampa mama mkwe mfuko wa karatasi, kwa mikono miwili. Mama mkwe akachungulia ndani. Akanitazama. Hakimu naye akanitazama. Mke wangu akaenda kutazama kuna nini mfukoni, akarudi jikoni, na huko nikasikia ama analia ama anacheka.

Wakati wa chai Bosi akaniomba radhi kwa ajili ya swali lake, kisha akaliuliza. Akamwambia mama mkwe kwamba kesho anaamua juu yangu, na neno la Matroni halijawahi kumpotosha. Mume wa binti yako ni mtu wa namna gani?

Mama mkwe akaweka kikombe. Akafikiri. Akasema, “Akiwa amelala, ni mtu mwema sana.”

Nimelichambua jibu hilo jioni nzima. Kwa kampuni ya magodoro, naliona kama sifa.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kapewa Kisigino.

Bosi alinieleza kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema mbwa hakudanganyika, mbwa alikuwa anamfuata anayempenda mwanzo hadi mwisho, waliodanganyika ni watu. Kisigino alisema anaogopa, na mtu anayesema anaogopa akisema pia kwamba magodoro yameuzwa, yeye Bosi atalala usingizi. Nikamwambia naelewa. Sielewi.

Kisigino alinisindikiza hadi getini amebeba boksi langu. Akasema akisikia kazi mahali atanijulisha. Unafiki mtupu. Boksi alilishika vizuri, hakuna kilichovunjika.

Nikapitia stoo ya vipuri, nikajifanya natafuta plagi. Mzee mwenye duka akanikaribisha vizuri. Akamwita msaidizi wake, akamwambia alete kreti, huyu bwana huwa anazungumza akiwa juu.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Gari la Bosi limekuja asubuhi. Mama mkwe amepanda mbele, mke wangu nyuma, Hakimu katikati na sikio lake moja limesimama. Wanakwenda ziwani. Bosi amesema iwe hivyo kila mwisho wa wiki, nyumba ile ni ya Matroni muda wowote apendao. Mke wangu alivaa gauni ambalo sijaliona tangu harusi ya dada yake. Nikauliza kama kuna nafasi. Akatazama viti, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chakula kiko jikoni, nipashe mwenyewe, na vyombo nioshe.

Iliniuma. Nasema kweli, nilikaa kwenye ngazi mpaka gari likapinda kona, na nikawaza kwamba huyo mwanamke alikuwa anaomba maji ya ziwa tu, siku moja, na mimi nikampeleka mbwa. Nikaona ni wakati wa kubadilika. Nikaapa. Nikaingia ndani nikaanza kuosha vyombo kwa moyo mweupe.

Sahani zilikuwa zimefunikwa na gazeti. Kwenye gazeti kuna tangazo. Kampuni ya mahema inatafuta msimamizi wa mauzo, mshahara mzuri kuliko wa magodoro. Mkurugenzi anapenda kupanda milima, kila mwisho wa wiki hupanda na wafanyakazi wake. Nikapiga simu palepale, mikono ina povu. Nikamwambia nimezaliwa mlimani, nimepanda milima kabla sijajua kusoma. Alifurahi sana. Usaili ni Jumamosi ijayo, huko huko juu, tunaanza kupanda alfajiri.

Kilichobaki ni viatu. Mama mkwe ameondoka na ndala, na zile buti zake za bustani ameziacha nyuma ya mlango wa jikoni. Nimezijaribu. Zinanienea.