Sauti ya Studio ya Mamamkwe

Jumamosi, 11 Januari
Mamamkwe, Bi Sumayya, anarudi Mombasa Jumatano. Viza imekwisha. Atakosa kupamba, sherehe ya wanawake ya harusi ya mjukuu wake Fathiya, huko Lakeville. Saadia, mke wangu, analia jikoni. Nikatangaza: nitamrekodi mama nyimbo zake zote za harusi, kwa sauti ya studio! Saadia akauliza kwa nini nisimwite jirani yetu Duncan, anayerekodi kwaya ya kanisa lao. Duncan! Mtu anayeringia waya! Nimeshanunua mashine yangu ya kurekodia, mtumba, kwa mzee mmoja wa Roseville. Inang'aa. Plagi yake haiingii popote kwenye kompyuta yangu. Jambo dogo.

Jumapili, 12 Januari
Nimepata adapta. Ikahitaji adapta yake. Nayo ikahitaji yake. Sasa zinaning'inia mezani kama mkia. Kompyuta ikasema haina draiva, ile programu ya kuitambua mashine. Mamamkwe akauliza dereva wa nini, na sisi tumekaa sebuleni.
Draiva ya mashine hii inataka kompyuta ya mfumo wa zamani. Nikaurudisha mfumo wa zamani. Mashine ikatambulika! Programu ya kurekodi ikagoma: inataka mfumo mpya. Nikaweka mpya. Mashine ikapotea. Nimezunguka hivyo mpaka kompyuta ikaanza kunuka. Duncan akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa, maana amesikia mtu akigumia. Nikamwambia ni mazoezi ya viungo.

Jumatatu, 13 Januari
Ushindi! Nimepata programu kuukuu mtandaoni, imeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Nimebonyeza kwa kubahatisha. Mamamkwe ameimba asubuhi nzima amejifunika blanketi gubigubi, kwa amri yangu, ili hita isisikike.
Tukasikiliza. Sauti nzito, ya polepole, kama ya mzee aliyemeza pipa.
"Mwanamume huyu ni nani?" akauliza mamamkwe. "Na nyimbo zangu kazijulia wapi?"
Nikamweleza kwamba sauti ya studio huwa hivyo. Akanitazama kwa huruma.

Jumatano, 15 Januari
Mama ameondoka. Duncan alitubebea masanduku kwenye theluji, sikumwomba. Saadia akamsikilizisha ile rekodi. Duncan akasema mashine imerekodi kwa kasi moja, programu inasoma kwa nusu yake; nibadilishe namba moja tu, sauti itarudi. Wivu mtupu! Sikuigusa; Saadia nikamwambia iko tayari.

Jumamosi, 18 Januari
Kupamba. Wanawake watupu ukumbini, mimi garini. Yaliyotokea nimeyapata kwa Saadia, aliyeyasimulia kwa kelele.
Fathiya amekaa kwenye kiti chake, amepambwa, amepambika. Wanawake vichwa wazi, nywele zimetengenezwa. Saadia akabonyeza rekodi ya mama. Likavuma dume zima! Mayowe! Wakarukia mabuibui. Waliokosa wakajitanda vitambaa vya meza, birika zikaanguka. Wengine wakatoka nje kumsaka huyo mwanamume.
Wakanikuta mimi.
Nimepigwa mikoba. Mmoja ulikuwa na kitu kizito ndani.
Mwishowe Saadia akapiga simu Mombasa. Mamamkwe akaamshwa, akaambiwa, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaimba pale pale, simu imeshikwa mbele ya maikrofoni ya ukumbi. Fathiya akalia mpaka wanja ukachuruzika. Nilisikia yote kutoka garini: sauti yake mwenyewe, nyembamba, safi kabisa. Machozi yakanitoka. Hita ya gari inakausha sana.

Jumapili, 19 Januari
Nimetafakari kwa kina. Kosa limejulikana: spika za ukumbi.
Saadia hasemi nami. Heri, napata utulivu wa kufanya kazi. Kerubo, wa kanisani kwa kina Duncan, amepiga simu akimtafuta Duncan awarekodi kwaya kwa ajili ya Pasaka; simu yake haipatikani. Nikamwambia bwana huyo amesafiri, lakini bahati yake njema, amempata mtaalamu. Akashukuru sana. Kwaya nzima inakuja kwangu Jumamosi.
Kilichobaki ni kuongeza nguvu ya kompyuta. Nimeifungua mwenyewe kwa bisibisi, nikaifunga vizuri. Zimebaki skrubu tisa na kipande kimoja cha kijani ambavyo, kwa kweli, sioni vilikuwa na kazi gani.