Ufunguzi wa Kituo cha Hadithi za Anga, Rungwe Mpya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mustakabali na Mila, ambaye pia ni mimi baada ya wenzangu kukosa usafiri. Wazee wetu wenye fimbo na wenye subira. Mashehe, mapadri na wachungaji. Ndugu Haidari, mfanyabiashara mwenye ghala. Mwalimu Odilia wa fizikia, ambaye naona ameshafika na masanduku. Wadau wa anga za juu na za kati. Wananchi wa Rungwe Mpya, mwakeye! (Wananchi: "Mwakeye!")

Ndugu zangu, leo tunafungua Kituo cha Hadithi za Kisayansi, projekti ya kimkakati ambayo mchakato wake ulianza miaka mitatu iliyopita, pale Mwalimu Odilia alipokuja ofisini kuniambia kuwa wanafunzi wake wameandika hadithi za vyombo vya angani masanduku manne na hana pa kuziweka, nami bila kuchelewa, wala kusoma hata moja, nikaunda kamati. (Makofi.)

Kamati ilifanya risechi. Tulipata majibu kumi na mawili kutoka kwa watu kumi na mmoja, kwa sababu mimi nilijihoji mara mbili, na mara zote nilijipa ushirikiano. Data inasema asilimia tisini na moja nukta saba ya wapenzi wa hadithi hizi, kisiasa, ni wahafidhina! (Mzee mmoja: "Ndiyo nini hiyo?") Ni watu wasiotaka kitu kisogezwe, mzee wangu. ("Basi ni mimi!")

Ni wewe hasa, Mzee Nestori! Kila Jumamosi uko kibandani kwa Lukmani unatazama sinema za angani, na unakubali mtu ahamie Mirihi, lakini soko letu likihamia ng'ambo ya barabara unatishia kususia kura. Unakubali chombo kiushinde mwanga kwa mbio, lakini binti yako Yusta, mwenye pikipiki yake mwenyewe, asifike Kibondo bila ruhusa. ("Kibondo ni mbali, bwana!" Kicheko.) Wala sikucheki. Mimi niliyefeli fizikia mara mbili kwa juhudi binafsi baadaye nilizisoma hadithi za wanafunzi zote mia moja na nne, na huko mbele kuna nini? Kuna mfalme, jemadari, na baba mkwe anayedai mahari! Hata mimi nikiota mwaka elfu mbili mia tatu, namwona roboti akinisongea ugali wa muhogo, lakini anauleta amepiga magoti. (Akina mama: "Thubutu!")

Jibu moja tu lilikwenda kombo. Tulimwuliza Mwalimu Odilia nahodha wa chombo awe nani, akasema mwanamke, tena kwa kura, na kura irudiwe kila mwaka. Tumelihifadhi kama hitilafu ya kitakwimu.

(Mwalimu Odilia: "Mheshimiwa, mvua inakuja. Mlango uko wapi?")

Mlango utafikiwa kwa mujibu wa ratiba, Mwalimu. (Haidari: "Masanduku yasirudi ghalani kwangu, nimeshajaza maharage!") Tulia, ndugu yangu. Kwa muktadha huo, baada ya upembuzi yakinifu, kamati ilijiuliza: wahafidhina hawa tutawajengeaje jengo, ilhali jengo lenyewe ni mabadiliko? Tukaazimia kukihifadhi kiwanja kama tulivyokirithi. Tazameni nyuma ya utepe: nyasi zile zile, kichuguu kile kile, na mbuzi, naamini, ni mjukuu wa yule yule! (Mbuzi analia.) Jengo lipo, ila lipo kwenye ule mwaka wa elfu mbili mia tatu.

Tuseme kwa pamoja: kilichopo... ("Kisisogezwe!") Sijasikia! Kilichopo... ("Kisisogezwe!")

(Mwalimu Odilia: "Asante, Mheshimiwa. Wakati unahutubia, dereva wako Pasikali ametusaidia kuyapakia masanduku kwenye gari lako. Yapo humo, hayatalowa. Wananchi, gari lisogezwe?" Wananchi: "Lisisogezwe!" Mikono yote juu, hata wa Mzee Nestori.)

Ee... hiyo ndiyo kura? Haya. Nawashukuru sana kwa kuhudhuria ufunguzi wa jengo ambalo halijawahi kuwapo, na natamka rasmi kwamba Kituo kimefunguliwa, kina magurudumu manne na kiti cha nyuma. Pasikali, mpe Mwalimu ufunguo. Sasa, ndugu zangu, matone hayo yameanza: nani ananifikisha Kasulu?

(Yusta, akiwasha pikipiki: "Panda, Mheshimiwa. Ila nahodha ni mimi.")