Fomu Chini ya Godoro

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Angejua unachokificha! Leo nitaungama.

Nina miaka themanini na mmoja. Nilikuwa mwalimu mkuu, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kanisa inayowalipia manesi waliosajiliwa karo ya shahada ya uzamili. Nesi mmoja kila mwaka. Bila muhuri wangu, hakuna kitu.

Mwaka jana Jepkosgei aliomba. Huyu ndiye nesi anayenifunga kidonda cha mguu kila asubuhi, hapa nyumbani kwangu mtaa wa Section 58, kabla ya kuingia zamu. Hataki hata nauli. Nikawaza: akienda Nairobi miaka miwili, mguu huu nitamwachia nani? Fomu nikaitia chini ya godoro. Kamati nikaiambia hakuna aliyeomba. Yeye nikamwambia kamati imekataa. Pesa zikanunua viti vya plastiki. Kila Jumapili naikalia shahada ya Jepkosgei!

Amekuja na mursik ya mama yake, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kutoka kwao Olenguruone. Nikafungua kinywa niungame. Nikanywa mursik.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kama ataomba tena. Akasema, "Wacha tu, Mwalimu. Walishaniona sifai." Tena Desemba anafikisha arobaini, na mfuko hauchukui aliyefika arobaini. Fomu zinafungwa Ijumaa hii.

Sikujua habari ya miaka. Uongo. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Mbinu mpya: kuitoa fomu ya zamani, kubadilisha mwaka, kuipitisha kimyakimya. Atapata shahada, nami nitakufa na heshima yangu. Lakini mkono unatetemeka. Ile 4 nimejaribu kuigeuza 5, sasa inafanana na kuku.

Jioni amekuja Kihara, mweka hazina. Anautaka muhuri tangu nilipolazwa mwezi wa tano. Akasema mzee apumzike, kazi ya muhuri inataka mkono wenye nguvu. Nikamwambia muhuri umepotea. Akaanza kuinua mito! Nikausukuma ndani ya soksi ya mguu mzima. Akaondoka akisema ataniombea. Ajiombee mwenyewe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Balaa! Nimelala na muhuri soksini siku mbili. Jana Jepkosgei hakuja, alikuwa na zamu ndefu. Leo akasema ataangalia miguu yote miwili, maana ugonjwa wa sukari hauchagui mguu. Nikakataa. Akavuta soksi. Muhuri ukaanguka. Ni ule wa plastiki, wenye wino wake ndani. Wayo mzima umeandikwa IMEPITISHWA, mara sita au saba.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema angalau kamati imepitisha mguu wangu, yeye imemkataa.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: fomu, godoro, viti. Kicheko kikakatika. Akamaliza kufunga kidonda, polepole, wala hakukaza bendeji hata kidogo zaidi ya siku zote. Ningependa angeikaza.

Kisha akasema, "Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikitandika kitanda juu ya fomu yangu, Mwalimu."

Nikaomba msamaha. Akasema amechelewa kazini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Jepkosgei amekuja alfajiri. Akafunga mguu, akajaza fomu mpya juu ya meza yangu, akanisukumia nitie sahihi. Nikatia. Nikampigia Kihara simu aipeleke kwenye kamati. Aibu iliyoje! Alifika kabla chai haijapoa. Akachukua fomu, akachukua muhuri, akaniuliza kwa nini una jasho.

Saa kumi Kihara amepiga simu: Jepkosgei amepita. Nililia. Nusu kwa furaha. Ile nusu nyingine sitaiandika.

Jumatatu, 12 Januari 2026

Jepkosgei ameondoka kwenda Nairobi. Jana aliniaga. Alinishika mkono muda mrefu, akasema nimemchelewesha mwaka mmoja, na mwaka haurudi, lakini kila usiku ananiombea. Afadhali angenitukana. Nimeona nilivyo mtu mbaya. Naandika hili nikiwa na akili timamu: nimetubu, nimebadilika kabisa.

Ameniachia nesi mwenzake, Emmy, aliyeanza kuja wiki iliyopita. Msichana wa ajabu! Mkono mwepesi kuliko wa Jepkosgei, na anajua kuchemsha uji usiwe na mabonge. Leo kabla ya kuondoka aliacha bahasha, akaniomba nimpe Kihara akipita. Nikaifungua, kwa kuhakikisha tu. Fomu ya uzamili. Anataka kwenda mwaka huu.

Kihara amepita saa tisa. Tumezungumza habari za mvua.

Daktari hanipi hata kufika Pasaka, na fomu zinafungwa Oktoba. Lakini daktari naye si Mungu. Bahasha nimeiweka chini ya godoro, upande wa ukutani. Emmy hutandika akisimama upande wa mlangoni.