Redio Yangu Isiyopenda Kimya

Walisema sitaweza. Mjomba Sefu alisema mbele ya watu kwamba redio ni kazi ya serikali, tena ina mlingoti na askari getini, haiwezi kukaa chumbani kwa mtu kati ya kitanda na kabati. Chande kinyozi akasema nitatangaza mpaka nizeeke na atakayenisikia ni mjusi ukutani. Leo nimewaita wote wawili waje wayafute maneno yao. Jamani, nimeumbuka.

Kwa wasionijua (wachache), mimi nilirudi Ngamiani, hapa Tanga, kutoka Mombasa na diploma ya mawasiliano. Diploma, si cheti. Naomba itofautishwe. Nilivuka mpaka pale Horohoro nimeipakata kompyuta kama mtoto mchanga, na ndani yake mlikuwa na programu ya kurushia redio kwenye intaneti. Siku zile hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Enzi za Mjomba redio ilikuwa moja nchi nzima. Baadaye milango ikafunguliwa, wenye fedha wakaanzisha zao. Halafu ikaja programu hii, nami nisiye na fedha nikaanzisha yangu. Kipaza sauti, godoro nimelisimamisha ukutani kuzuia mwangwi, basi! Sauti ya Chumbani iko hewani.

Na nilisikilizwa, msidhani. Programu ilikuwa na ramani ya dunia, na kila anayekusikiliza anaonekana kama kitone chekundu. Watu wa pwani walioko Maskati, Dubai, London, wote walikuwemo. Ramani yangu ilikuwa kama mtu mwenye surua.

Kisha simu zikawa na kila kitu. Wenzangu waliokuwa na redio za majumbani wakaacha mmoja mmoja. Vitone vikapukutika. Mwisho kikabaki kimoja tu, Maskati.

Hicho nilikuwa nakijua mwenyewe. Ni Bi Zuwena, mzaliwa wa Pemba aliyeolewa hapa Tanga, kisha wanawe wakamhamishia Maskati kabla mimi sijarudi. Hatukuwahi kuonana. Alikuwa akiniandikia, "Mwanangu, leo huko kwapikwa nini?" Basi kila siku baada ya alasiri napita vichochoroni, nanusa, narudi kutangaza. "Kwa Chande leo samaki wa kukaanga!" (Mke wa Chande alininunia. Alikuwa ameshawaambia wageni hakuna kitu.)

Tangu kabla ya mfungo Bi Zuwena akaacha kuandika. Kitone kipo, maandishi hakuna. Nikaona ni maringo. Nikawa namtania hewani kila siku, "Bi Zuwena, umenuna? Au umeniletea ukewenza na redio nyingine?" Nilijiona mcheshi sana.

Wiki hii waliotengeneza programu wametuandikia kwamba wanaifunga, mwisho leo jioni. Nikasema haiwezi kufa hivihivi. Nikanunua halua, nikachemsha kahawa, nikatoa spika kubwa barazani ili mtaa mzima ushuhudie, nikawakalisha Mjomba na Chande kitandani mbele ya kompyuta. Nilitaka kitu kimoja tu: kabla redio haijafa, wakubali kwamba sauti yangu inafika ng'ambo na kuna mtu anaisubiri.

"Mbona kitone chenyewe kimoja?" Chande akauliza.

"Kimoja cha Maskati. Wewe hata Muheza hawakujui."

"Muheza nina wakwe!"

"Hao ndio hawataki kukujua."

Mjomba hakucheka. "Na mimi nitajuaje kwamba hukukichora mwenyewe?"

Swali hilo ndilo lililoniponza. Nikasema nampigia simu sasa hivi, hewani, mumsikie kwa masikio yenu. Namba alishanipa zamani. Nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti, nikaweka na wimbo wa harusi kwa chini. (Ndiyo. Wa harusi.) Simu ikapokelewa.

"Bi Zuwenaaa! Leo hukwepi! Toka ndani ucheze!"

"Assalaam alaykum." Sauti ya mwanamke, ya chini. "Mimi Raya, binti yake."

"Wa alaykum salaam, Bi Raya! Mwambie Mama mwanawe wa Tanga anamwita, aache maringo!"



"Kaka, Mama ametangulia mbele ya haki. Tangu Shaabani."

Nikauzima wimbo.

"Sasa hiki kitone?" nikauliza. (Mtu anakwambia amefiwa na mamake, wewe unauliza kitone!)

"Kompyuta ni yake. Alisema isizimwe, asije akaikosa redio. Basi hatujaizima. Twakusikia kila siku ukimlaumu. Tukaona haya kukwambia, maana wewe ulikuwa na furaha."

Nilikuwa na furaha. Nilitamani lile godoro liniangukie.

Mjomba akainua mikono. "Al-Fatiha." Tukainua sote, tukasoma kimoyomoyo.

Hapa lazima niwaeleze jambo, na ni matunda ya usomi wangu. Redio haitakiwi kunyamaza. Kwa hiyo nilikuwa nimeipanga programu, ikisikia kimya tu, ipige yenyewe kibwagizo chetu.

Vigelegele vikalipuka! Ngoma! Halafu sauti yangu mwenyewe, inacheka: "Hapa ni shangweee! Nani kanuna?"

Chande aliruka, kahawa ikamwagikia kanzu. Nikaikimbilia kompyuta. Kipanya kimeganda, kama kawaida yake ninapokihitaji. Kibwagizo kikaisha, sote tukabaki midomo wazi, hakuna wa kusema neno. Programu ikasikia kimya. Vigelegele tena!

"Izime!" Chande akafoka.

"Haizimiki! Bi Raya, samahani, si mimi... yaani ni mimi, lakini si mimi..."

"Wewe," Mjomba akaniambia, "kitu hiki hakitaki kimya?"

"Hakitaki, Mjomba."

"Basi kisomewe kwa sauti."

Akanisukuma kando, akakishika kile kipaza sauti alichokibeza miaka yote, akaanza Yasini. Sauti ya kizee, ina mikwaruzo, haina haraka. Chande naye akamfuata na kanzu yake yenye kahawa. Programu ikatulia. Mimi nikasimama pembeni na diploma yangu, sina kazi.

Alipomaliza dua, Raya akaitika "Amina" huku analia. "Mungu awalipe. Mama alikuwa akizitamani sauti za kwao."

"Na hapa ni kwenu, mwanangu," Mjomba akamjibu.

Simu ikakatika. Punde kile kitone nacho kikatoweka. Nadhani wameizima sasa, na ni haki yao. Mjomba akaitazama ramani tupu, akasema polepole, "Kumbe inafika."

Neno hilo nimelingoja tangu nirudi kutoka Mombasa. Leo nimelipata, na sikulitaka tena.

Nikadhani yameisha. Kumbe spika ya barazani ilikuwa imepeleka Yasini mtaa mzima. Mara mlango unagongwa, wanawake wamejitanda kanga, wa mbele ana sinia la mchele.

"Poleni jamani. Nani ametutoka?"

"Msikilizaji," nikasema.

Akaniangalia. "Wa kwenu?"

Chande akafungua mdomo kueleza, Mjomba akamkanyaga mguu.

"Wa kwangu," nikajibu.

Akaweka sinia chini, akanipa mkono wa pole, na wenzake wote nyuma yake, mmoja baada ya mwingine. Nimepokea mikono mpaka magharibi, na machozi yamenitoka mbele ya Chande, ambaye kesho atawasimulia wateja wake wote.

Atakayecheka nimeshamsamehe. Ila kwanza amwombee Bi Zuwena rehema, ndipo acheke.